Kijani Chini ya Masizi

Kaka yangu Amisi,

Hitima yako ilikuwa isomwe Ijumaa hii. Mimi ndiye niliyemshawishi mama, baada ya miaka yote ya kukataa kwake. Kazi yangu ni kuandika habari, nimeandika za vifo vingi, na nilijiona najua mahali walipo wengi wa wale ambao hawakurudi kutoka vita ile. Mama alikubali bila kunitazama. Leo asubuhi, uani kwetu Mikelenge, nimejikuta nimeketi chini.

Ua huu unaukumbuka. Wakati wa vita ulilipandisha gari lako juu ya magogo hapa, ukang'oa magurudumu na kuyaficha darini, ili askari wakipita waone gari bovu na kuendelea na njia yao. Ila hukuweza kukaa bure. Etriye, yale mapande ya chuma yanayobana diski za breki, zilikuwa wazi mbele ya macho yako kutwa, zimeliwa na kutu, ukasema ni aibu. Ulizisugua kwa brashi ya waya, ukazipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya msikiti.

"Rangi ya nyumba ya Mungu, unapaka ku fre?" mama alikuuliza, akiionyesha breki kwa kidole.

"Mama, sasa hii gari njo itasali. Itasimama kwa adabu."

Mama hakucheka. "Nani anapaka rangi gari ya kufa? Changanya masizi na mawese, upake juu, kama miguu ya vitanda."

Mchanganyiko huo aliutumia kuzuia mchwa. Tulikuwa watatu tu uani. Ulimjibu, "Ikauke kwanza, mama. Kesho."

Askari waliingia alasiri hiyohiyo. Mkubwa wao hakugusa mlango wala injini. Aliinama, akabonyeza kidole kwenye etriye ya mbele, akakiinua kikiwa kijani.

"Mugonjwa huyu amevaa nguo mupya," alisema, na wenzake wakacheka. "Leta mipira yake."

Uliyafunga magurudumu mwenyewe. Ukaondoka ukiendesha kwenye barabara ya Kibombo, mtutu wa bunduki nyuma ya shingo yako. Binti yako Aziza alikuwa bado anatambaa.

Sasa Aziza ana gari lake la mizigo. Vipuri hapa Kindu bado ni vilevile unavyovijua: vinatoka kwenye gari lililokufa kuingia kwenye linalopumua, kwa sababu kuleta kipya ni mateso. Juzi alinunua sokoni etriye kuukuu, nyeusi tupu. Leo alikuwa anazisugua ili azipake nyekundu, nami napita na kikombe changu cha chai.

"Baba mudogo, angalia hii. Chini iko kijani."

Nikaangalia. Upande wa diski rangi ilikuwa imeungua, lakini mgongoni ilikuwa nzima, na katikati yake palikuwa na kibonyeo kidogo. Niliweka ncha ya kidole changu juu yake. Kiliingia sawasawa.

Nilidhani mshtuko umekwisha hapo. Nikachukua kitambaa chenye petroli nikafuta ule weusi uliobaki. Haikuwa rangi ya dukani. Yalikuwa masizi yaliyoganda na mafuta, yakachomwa na joto la breki hadi kuwa gamba.

Maneno ya masizi na mawese tuliyasikia sisi watatu tu, kaka. Siku ile hukupata nafasi ya kuyapaka. Uliyapaka baadaye, kisha ukaendesha tena.

Nilimfuata muuzaji sokoni. Alisema gari lenyewe lilikutwa huko Tunda, upande wa Kibombo, nyuma ya nyumba iliyohamwa.

"Ilikuwa juu ya magogo, muzee. Bila mipira. Lakini iliwekwa muzuri, kama mwenyewe anarudi kesho."

Askari hawapandishi gari juu ya magogo. Huliacha pale lilipokwama. Basi uliwatoka, ukalificha gari kwa namna yako, safari hii na masizi juu. Ninachojua kinaishia hapo, na sitaandika zaidi ya hapo. Uliokoka, na nyumbani hukufika. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonikalisha chini.

Nilimpelekea mama ile etriye. Aliishika kwa mikono miwili, akainusa, akapitisha kidole gumba penye kibonyeo.

"Ijumaa ulisema tufanye nini?"

Akanirudishia etriye mikononi.

"Ambia watu wasikuje."

Aziza alikuwa amesimama mlangoni na kopo lake. "Bibi, nipake nyekundu juu?"

"Acha vile. Vita iliisha. Baba yako alificha ya kutosha."

Aziza ameifunga kama ilivyo. Gari lake hupita barabara ya Kibombo, nayo magurudumu yake yana matundu makubwa. Mtu aliyesimama kando ya njia anaweza kukiona kijani kikipita. Wengine wataona breki tu.

Nilikuwa nimekuandalia kwaheri ya marehemu, nami sina tena haki ya kuitumia. Nakupa salamu za nyumbani badala yake: mama yupo, binti yako yupo, magogo yako bado yapo uani.

Rangi imekauka, kaka.

Mdogo wako