Rahma, Mstari Ule Uliuandika Wewe

Rahma, shoga yangu,

Baada ya kukuzika, kwenye kisomo cha hitma yako nilikuja kwenu Mkunazini, nikalia mpaka mamako akanishika mkono. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Kuandika programu kwa JavaScript ulinifundisha wewe, ghorofani chumbani kwako. Siku niliposhindwa kuelewa vipi kitu kimoja kiwe na majina mawili, ukanambia, "Nyumbani wanakwita Time, skuli Fatma. Fatma akinyolewa, Time atabaki na nywele?" Nikacheka, na tangu hapo sikusahau.

Ndiyo maana nilishangaa kwenye programu ya Bi Zuhura, yule mwenye boti za wageni Kizimkazi. Uliandika mstari unaosema safari ya alasiri ni sawa na safari ya asubuhi, kisha ukabadilisha saa ya alasiri. Nikakwambia hujanakili kitu, umekipa kilekile jina la pili. Ukigusa alasiri umegusa na asubuhi. Ukasema umechoka, utarekebisha kesho.

Hukurekebisha. Wageni wa asubuhi walifika pwani wasikute hata nahodha mmoja, maana simu za manahodha wote zilionyesha saa tisa alasiri. Tukanyang'anywa kazi. Ulikwenda wewe kuzungumza na Bi Zuhura, ukarudi ukanambia hataki tena mambo ya kompyuta.

Kumbe ulimwambia ni mimi.

Alinambia mwenyewe siku ya hitma, tunavaa viatu. "Mwanangu, nshakusamehe. Marehemu alinieleza ulivyokosea, akanisihi nisikukasirikie." Upole wake ndio ulionichoma. Hapo nikafahamu kwa nini nduguye mwenye hoteli Fumba aliacha kupokea simu zangu za kuomba kazi.

Ungenambia tu, Rahma. Ningesema kosa ni letu sote. Lakini ulikaa na mimi miezi yote ile, unanipikia, unanipa pole kwa kukosa kazi, na sababu unaijua…

Nilimjibu, "Bi Zuhura, si mimi niliyeandika." Akatazama mlangoni alikosimama mamako, akanong'ona, "Si hapa."

Baadaye akanipigia simu niende nikairekebishe programu. Nikenda Kizimkazi, nikatengeneza kitu kipya cha alasiri, nikanakili ndani yake kila kilichokuwemo kwenye asubuhi. Boti na nahodha wake, kwa kuwa walikuwa kitu ndani ya kitu, nikawanakili peke yao, ama sivyo wangebaki wa pamoja kwa safari zote mbili. Nikabadilisha saa ya alasiri. Asubuhi haikutikisika. Nikageuka nikuoneshe.

Nimekukasirikia, na nnakukosa, na yote mawili yananijia pamoja.

Mamako sitomwambia. Ijumaa nnakwenda kumtazama, nitamfulia na mapazia. Dua nitakuombea kila nikisali, Mungu akusamehe, nami anisaidie nikusamehe, maana bado sijaweza. Lakini atakayeniuliza mstari ule kauandika nani, nitamwambia ni wewe.

Kwaheri, shoga yangu.

Fatma