Tausi na Ahadi za Baba Mkwe

Jumamosi, 7 Juni 2025
Tausi, jike langu la mbwa, ameingia kwenye joto. Baba mkwe, mzee Magige, kafurahi kama kapata mjukuu. Watoto wa mbwa kashawaahidi majirani wanaoibiwa ng'ombe hapa Kiabakari, na kuku wa shukrani wameshaletwa! Mbwa mwenyewe hata hajapandwa.

Mimi sina raha. Mama yake Tausi alianguka kwenye birika la ng'ombe akitetemeka, akafa. Kila nikichota maji namwona. Mchana kweupe.

Jumatatu, 9 Juni
Nimeongea na bwana mifugo, Thadeo. Tausi ana chanjo ya kichaa cha mbwa, ana afya, umri unatosha. Nikamweleza ya mama yake. Anasema huenda kilikuwa kifafa, na wakati mwingine kinarithiwa. Nisimpandishe kabla sijajua ndugu zake walivyo.

Jumanne, 10 Juni
Nyamuswa, kwa Wankyo, aliyechukua kaka yake Tausi.

"Alikuwaga mbwa mzuri huyo," anasema.

Alikuwaga! Siku moja alianguka zizini, mapovu mdomoni, miguu inapiga hewa. Wakasema ni kichaa cha mbwa. Wanaume wakammaliza kwa rungu. Wankyo kanionyesha mahali. Nyasi tu. Njia nzima kwenye bodaboda nilifumba macho, bado naiona miguu ile ambayo hata sikuiona.

Jumatano, 11 Juni
Mkamwana habishani na baba mkwe uso kwa uso. Nimemwomba mama mkwe, Rhobi, amfikishie. Jibu limerudi: hayo ni mambo ya kizungu. Dume linatoka Butiama kesho.

Alhamisi, 12 Juni
Nimejifungia chumbani na Tausi. Humu baba mkwe hakanyagi, ni mwiko. Yuko sebuleni, dume linalia nje kwenye kamba. Ananiita kwa upole. Mimi naandika tu. Sikubali apandwe, basi!

Tausi kainuka. Anatafuna hewa. Mguu wa nyuma umekakamaa — Mungu wangu, hata yeye! Kaanguka. Kucha zinakwaruza sakafu. Mapovu.

Sebuleni kimya. Wamesikia.

Nikifungua wamwone hivi, dume litarudi Butiama leo leo. Lakini mzee ana rungu, naye atasema ni kichaa. Chanjo? Nani atasikiliza habari ya chanjo!

Nimemfunika kanga. Bado anapiga chini.

"Rhobi," mzee anasema, "ingia wewe."

Mama mkwe anabisha hodi. Anauliza kwa sauti ya chini, ni mbwa huyo anayepigapiga?

Nimesema ni mimi.