Nimefunga Difu la Nguvu

Gereji, nyuma ya nyumba
Jumatano asubuhi

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto wazima? Na kifua chako, kile kinachokusumbua kila baridi ikianza, kimetulia? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua ila mdomo mzima, anakusema kila siku kwamba hupigi simu.

Difu ulilotuma, la kuzungushia magurudumu ya nyuma, lilifika salama, jipya, linang'aa mpaka niliogopa kulishika na mikono ya grisi. Asante sana. Nililifunga wiki iliyopita, nikalijaribu, nikalitoa, nikarudisha langu. Sasa limelala ndani ya gunia chini ya meza ya vyuma.

Usinune kwanza. Lako ni difu la mbio: propela, ule mtaimbo unaotoka kwenye gia, ikizunguka mara tatu, tairi limezunguka mara moja. Langu ni la nguvu, propela huzunguka karibu mara tano kwa kazi hiyohiyo, ndiyo maana linavuta. Kwenye barabara iliyonyooka lako lingeniacha mbali. Lakini mashindano ya Jumamosi ni ya kupanda mlima, kona juu ya kona. Kwa difu lako, gia ya tano sikuigusa, na kila nikitoka kwenye kona injini ilikohoa tu.

Najua ulikojifunzia. Baba, Mungu amrehemu, aliendesha basi la masafa, na kwake injini inayopiga kelele ni injini inayoteswa. Nasi tukakua tukichagua difu kwa masikio, tukitafuta ukimya. Kaka, Baba alibeba abiria waliolala. Mimi sina abiria.

Ndiyo, injini inalia, na mafuta inakunywa kweli. Nakubali.

Lililoniuma ni neno lako kwamba nisipofunga lako, usukani apewe binamu yetu. Nililia, nikanawa uso, nikarudi kukaza boliti. Kisha nikamwita binamu mwenyewe apande mlima na difu langu. Aliposhuka alinirudishia ufunguo. "Dada, hili lina mwenyewe. Mimi simo."

Gari ni lako, sibishi. Lakini anayelala chini yake ni mimi. Ukitaka difu hili litoke, panda ndege uje ulitoe kwa mikono yako, nami nitakushikia taa. Ukichelewa, Jumamosi utanikuta kileleni.

Msalimie sana wifi, na yule Kibonge mwambie shangazi yake amemkumbuka. Mama anakuombea. Mungu akulinde, akupunguzie na ubishi, ingawa huo tumerithi sote.

Dada yako akupendaye,
dereva wa gari lako