Kikoi Kilichobaki Ndiani

Jumamosi.

Nimefika Matondoni bila kushuka! Na aandike anayetaka kuandika.

Vijana wa msafara wa baiskeli wa kuchangia mikoko walicheka waliponiona na kikoi. Bwana Omari, jirani yangu hapa Langoni, akapaza sauti: "Miaka arobaini umeikata mikoko, leo wailinda? Ukifika bila kutia mguu tini, natoa mbuzi wangu mchango!"

Kwenye mchanga wote walishuka wakasukuma. Mimi nilikuwa nimepunguza upepo magurudumuni, nikawapita kama siwajui. Ndia hii nani anifunze?

Karibu na mwisho kikoi kikanaswa na cheni. Nikishuka, mbuzi amekwenda. Basi nikakifungua, nikakivuta kwa nguvu, kikachanika kikaanguka ndiani. Nikaingia Matondoni na kaptula. Omari alicheka hata akakaa mchangani. "Mbuzi ni wa mikoko, Bwana," akasema.

Magoti yauma. Kesho sijui kama ntaweza kurukuu.

Na kikoi chenyewe ni kile alichoninunulia mke wangu, Bi Mwana, siku ya Idi. Ameshauliza kiko wapi.

Nimemwambia nimekitoa mchango.