Nta Isiyo na Harufu ya Asali

Alhamisi, Ngungu. Mvua ya asubuhi imekatika, baridi ingali.

Jambo, wewe unayesoma. Uko muzima? Na wa nyumba yako, wote salama? Sikujui sura, lakini kila mara nikiandika ninaona kama umekaa karibu na mimi ku meko, na hiyo inanifurahisha. Mimi, mwili uko muzima, Mungu asifiwe. Moyo njo hauko.

Kaka Bonifasi amenitoa ku kamio yangu.

Ingekuwa muntu mwingine, ningelia kidogo, kisha nijipanguse machozi. Lakini Bonifasi! Mimi njo nilimufundisha kushika usukani. Mu misa tunakaa benchi moja. Siku ya Mungu hii inayokuja, mimi njo ninapaswa kumushika mutoto wake wa kwanza mu ubatizo, na mutoto atapewa jina langu, Leonari.

Nikuelezee polepole.

Kamio ya shamba ilikuwa mu mikono yangu, napeleka viazi na maharagi mpaka Walikale. Mu moteri iko dinamo, yenye kutoa umeme, na pembeni yake iko kisanduku kidogo, regilatere, chenye kuzuia umeme ule usizidi. Ukizidi, batri inachemka kama chungu ku moto mpaka maji yake yote yanaisha. Hapa shambani, kupanga regilatere ni kazi yangu. Nikimaliza, napakaa nta nyeusi ya nyuki wa pori juu ya visi, ile misumari ya kuzungusha yenye kufunga kifuniko, nta ile wawindaji wa Mpofi wananipatia. Wengine wanacheka, eti Papa Leonari anaweka dawa. Siyo dawa. Ni alama tu: nta ikivunjika, ujue muntu amegusa. Siri hiyo nilimwambia Bonifasi peke yake.

Safari iliyopita, tulipopita Kalembe tukaanza kushuka mu joto la pori, taa ziliwaka nyeupe kabisa, kisha zikaungua moja moja. Kufika Mpofi, batri imekauka, inanuka. Kamio ikalala pale, viazi vikaoza, mpaka kamio ingine ikatuvuta kurudi Ngungu.

Nilijihukumu mwenyewe. Umeme unaofaa huku kwetu ku baridi, kule ku joto unaweza kuzidi batri. Nikasema, Leonari, umesahau kupunguza. Nikaenda mbele ya Bwana wa shamba, nikavua kofia, nikakubali kosa. Bwana akachukua ufunguo, akamupa Bonifasi. Mimi nikarudi kukaa mu garaji.

Na siku ile ile Bonifasi akaja nyumbani kwangu, akapiga magoti chini, akasema, "Papa, tusali rozari juu yako." Tukasali yote. Akamwomba Mama Maria anipatie uvumilivu juu ya kosa langu. Nililia, nikamushukuru, nikamukumbatia kama ndugu wa tumbo moja.

Leo Bwana ameniambia nipime regilatere, kwa sababu batri mpya na taa mpya zimefika, na kamio itaondoka Jumatatu. Nikafungua moteri. Nta ilikuwa pale, nyeusi, nzima.

Lakini ilikuwa imechuruzika. Nta yangu haichuruziki hivyo.

Nikainusa. Nta ya nyuki wa pori inanuka asali na moshi. Hii haikunuka kitu. Nikaikwaruza na ukucha: ndani nyeupe. Mushumaa wa duka, umepakwa masizi juu!

Nikafungua kifuniko. Chuma kile kidogo chenye kushika resori, ule waya wa kujizungusha wenye kuvuta, kimepindwa, na juu yake alama za meno ya pensi, koleo ya fundi. Mimi pensi siiingizi mule hata siku moja. Nasukuma kidogo kidogo, kwa adabu. Nikawasha moteri, nikaiacha mpaka ipate joto, nikafunga kipimo cha umeme. Mushale ulipaswa kusimama ku volti saba na kidogo. Ukapita nane, unaendelea.

Bonifasi akaingia, anazungusha ufunguo ku kidole.

"Ee, Papa Leonari! Unanusa moteri kama mbwa wa wawindaji?"

"Nanusa nta, kaka. Asali yake iko wapi?"

Kidole kikasimama. Akaangalia mulango, akaangalia viatu vyake.

"Papa, wewe umeshaenda Walikale mpaka barabara inakujua jina. Na sisi je? Tutakufa tukikuosheaga magurudumu?"

"Ungeniomba, ningekupa."

"Ungenipa?" Akacheka kidogo, vibaya. "Kila muntu anasema hivyo mambo yakishapita."

"Na rozari, Bonifasi?"

Hapo sauti yake ikashuka. "Rozari nilisali kweli. Nilikuombea kweli, Papa."

Maneno hayo njo yamenichoma kuliko pensi. Ningependa angesema alisali kwa uongo.

Kisha, akiwa ku mulango tayari: "Mama wa mutoto ameshashona nguo nyeupe. Utakuja?"

Nikainama tena juu ya moteri mpaka akaenda.

Ku Bwana siwezi kwenda. Kosa nilikubali na kinywa changu. Nani atasadiki nta?

Nimebaki peke yangu na kamio. Nikasema, niiache vile, imuunguzie taa naye mu pori. Nilikaa na wazo hilo kwa muda, sikufichi. Lakini juu ya mizigo wanapanda wamama na vitoto vyao. Nikarudisha resori taratibu, nikafunga kifuniko, nikapima tena ikiwa ya moto, nikapunguza kidogo juu ya joto la Walikale. Kisha nikawasha taa zote, nikapima nguvu ambayo dinamo inatoa, nayo haikupita mupaka. Mwishoni nikapakaa nta yangu, ile ya asali.

Kamio iko muzuri sasa. Atashuka Kalembe na taa zake nzima.

Mutoto hana kosa, najua. Lakini nikimushika, padri ataniuliza mbele ya watu wote kama niko tayari kumusaidia baba yake kumulea, nami sipendi kusema uongo ndani ya kanisa. Nikikataa, Leonari mudogo atakosa muntu wa kumushika, na mama yake atalia na ile nguo mikononi.

Wewe unayesoma, nakuomba unijibu upesi, mbele ya Siku ya Mungu: nimushike?