Gemu la Kumtangaza Stoyna

Sofia, 3 Februari

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ni baridi tu. Lile gemu langu la kompyuta limekamilika. Unazunguka mji wetu wa Tryavna na ndoo ya gundi, unabandika matangazo ya kifo cha Mama milangoni, kama tulivyofanya siku ile. Kwenye kila mlango, jirani anasema neno. Muda wote unamsikia Mama akiimba jikoni; nimetumia ile kanda yako. Karatasi zikiisha, ananyamaza, basi. Nataka kulipeleka mashindanoni. Unaniruhusu kutumia sauti yake?

Mwanao, Ralitsa

Tryavna, 10 Februari

Marahaba Ralitsa,

Goti ni lilelile. Hivi una akili timamu? Gemu! Watu wakae wanatafuna chipsi, wanamchezea mama yako? Tangazo lake lenye picha bado liko mlangoni kwangu, mvua imeanza kumfuta uso. Sauti yake sikupi. Na ule chakula, usiishi kwa kahawa.

Baba yako

Sofia, 2 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Sauti niliiondoa kwenye gemu, kama ulivyotaka. Waamuzi wamelikataa. Eti hakuna kushinda wala kushindwa, kwa hiyo si gemu. Nilibishana nao mpaka nikalia mbele yao, aibu gani! Wewe umekasirika kwamba ni gemu, wao kwamba si gemu. Nimechoka. Nakutumia lile lenye sauti, ni lako peke yako. Jirani Penka ana kompyuta. Ukitaka, lifute.

Mwanao

Tryavna, 19 Aprili

Marahaba mwanangu,

Goti linauma kwa kukaa sana kwenye kiti cha Penka. Kwanza umekosea: mlango wa jirani Gencho ni wa kijani, na yule mzee hajawahi kusema neno zuri namna ile tangu azaliwe. Tulicheka sana.

Penka akaenda kukoroga maharage, nikabaki nabandika, mama yako Stoyna anaimba. Mara naona imebaki karatasi moja na mlango mmoja, wetu. Nikageuka. Nikapita darajani, nikapita sokoni, bado anaimba. Penka akaja: "Kuncho, bandika basi tukale!" Nikamwambia, sibandiki ng'o.

Kompyuta yake haijazimwa tangu siku hiyo, na analalamika kweli. Naenda kila asubuhi, natembea tu humo ndani ya gemu.

Wapelekee waamuzi tena, safari hii na sauti yake. Atakayebandika zote, ameshindwa.

Baba yako