Kizibo cha Kusindikiza

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, na ziwa halionekani hata kutoka huku juu Kiseke. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika leo nitaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Nimetoka Buswelu kwa Mama Kulwa. Mizabibu yake kumi na minane imechipua vizuri, majani mapana, matawi marefu ajabu. Ua hata moja hakuna. Huu ni msimu wa pili tunapogoa, tunasubiri, tunapata majani.

Mizabibu hiyo aliileta marehemu mumewe kutoka Dodoma, vipande vya matawi ndani ya gunia bichi, akavipanda kwa mkono wake. Sasa shemeji yake amesema wazi kwamba safari hii isipozaa anaing'oa yote apande mihogo. Mama hana kitu kingine alichoachiwa na mzee.

Aliyeiharibu ni mimi.

Nilikuwa bwana shamba wa serikali mpaka walipotupunguza kazini. Mama Kulwa bado ananiita Bwana Shamba, na kwa kiburi changu sijawahi kumkatalia. Mwaka juzi nikaona dukani mjini pakiti ya unga wa kukuza matunda, imetoka Nairobi. Unaukoroga kwa spiriti, unaongeza maji, unapulizia mashada yakiwa machanga. Kipimo kilichoandikwa kilikuwa ncha ya kijiko tu. Nikakidharau.

Sisi watu wa pamba dawa tunapima kwa kizibo cha soda. Na tangu biashara iwe huria, dawa zinatufikia zimeshaongezwa maji au unga wa muhogo, basi kila mkulima amejifunza kuzidisha kizibo kimoja. Tunakiita cha kusindikiza. Nikampimia Mama Kulwa kizibo kimoja, nikaweka na cha kusindikiza.

Kumbe ile ilikuwa dawa halisi. Katika zote nilizonunua tangu soko lifunguliwe, hiyo moja ndiyo haikuguswa na mtu.

Msimu ule punje zilinenepa, vikonyo vikawa vigumu kama vijiti, majirani wakaja kushangaa. Nikawa natembea Buswelu kifua mbele. Baada ya hapo mizabibu ikanyamaza.

Mwezi uliopita nilifungua daftari langu la chuo kutafuta sababu. Ipo, tena kwa mwandiko wangu. Dawa hii ikizidi huua macho yanayotoa maua ya misimu inayofuata, na zabibu zenye mbegu, kama hizi za Mama Kulwa, zisipewe kabisa. Nilifundishwa, nikaandika, nikapiga na mstari chini yake. Halafu nikasahau.

Leo nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimejipanga njia nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Shamba. Afadhali umekuja."

Akanipa kigoda, akanipa uji. Kisha akaniuliza, taratibu, kama labda kosa ni lake. Labda alipogoa vibaya. Labda mizabibu ilimzoea mzee na mkono wake yeye imeukataa.

"Au tuongeze kizibo?"

"Ni mvua, mama," nikasema. "Mvua za mwaka huu zimekaa vibaya."

Alishukuru. Akasema atamwomba shemeji asubiri kidogo, maana Bwana Shamba amesema ni mvua. Uji nikaumaliza wote.

Najichukia. Hata nikisema ukweli, maua hayatarudi kabla shemeji hajashika jembe. Hilo nalijua. Lakini angalau yule mama asingekaa pale anautazama mkono wake mwenyewe.

Kesho nitarudi Buswelu nimwambie.

Nimefunua kurasa za nyuma. Jumanne iliyopita niliandika hivyo hivyo, na Jumanne ya kabla yake.